Tochi, kibao cha 50 na faini: maswali ya madereva wa Tanga kuhusu mwendo kasi, nyumbani na ng'ambo

Ukikaa nusu saa stendi ya Kange utasikia habari za tochi tu, kile kifaa cha polisi cha kupima mwendo. Mmoja kapigwa Mkata, mwingine kaponea Hale, wa tatu anaapa kwamba Pwani wanatoza kuliko Tanga, wa nne karudi Mombasa na habari ya faini ya laki mbili. Mengine ni kweli, mengine ni ya kusikia. Hapa nimejibu yale ambayo wanafunzi wangu wa udereva, madereva wa Noah na Coaster, na wenye magari yao huniuliza zaidi. Nimeanza nyumbani, nikavuka mpaka wa Kenya pale Horohoro, kisha nikafika mbali, maana watu wetu wengi wana ndugu Dubai na Uingereza na huko nako wanaendesha.

Je, faini ya mwendo kasi Tanga ni tofauti na ya Pwani au Kilimanjaro?

Hapana. Tanzania Bara ina sheria moja, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973 pamoja na marekebisho yake. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa, iwe umekamatwa Lugoba, Kabuku, Mombo au Hedaru. Bodaboda na bajaji wanalipa 10,000. Nao walikuwa wakilipa 30,000 hadi Serikali ilipowapunguzia katika bajeti ya 2021/22. Askari akikutajia kiwango kingine kwa maelezo kwamba "mkoa huu ndivyo ulivyo", mwombe kwa adabu akuandikie. Kiasi kinachotambulika ni kile kilichoingia kwenye mfumo na kutolewa namba ya malipo.

Mbona basi kuna mikoa wanakamata sana na mingine unapita siku nzima huoni tochi?

Hapo ndipo tofauti ilipo. Sheria ni moja, usimamizi wake unatofautiana. Kila mkoa una mkuu wake wa usalama barabarani, na yeye ndiye anayepanga askari wake wakae wapi, saa ngapi, na tochi ngapi. Barabara zenyewe pia hazifanani. Kutoka Chalinze kuja Segera unapita Lugoba, Msata, Manga, Mkata, Kabuku na Michungwani, na karibu kila mahali penye maduka na shule pana kibao cha 50, yaani kilomita 50 kwa saa. Vibao vikiwa vingi, makosa nayo huwa mengi. Ukishakata kona ya Segera kuja Hale na Muheza, bado kuna vijiji, ila magari ni machache kuliko yale ya njia kuu ya Moshi na Arusha. Polisi huenda kwenye magari mengi na ajali nyingi.

Ubaya wa hali hii ni kwamba inamfundisha dereva kuhesabu askari badala ya kusoma vibao. Mtu anaingia Mkata na 48 kwa sababu juzi alikamatwa pale, halafu anapita Pongwe na 85 kwa sababu hajawahi kuona askari, wakati watoto wa shule wapo Mkata na wapo Pongwe.

Mwisho wa mwendo ni ngapi?

Kwenye makazi ya watu, 50. Magari ya abiria ya biashara, pamoja na magari ambayo uzito wake wa jumla unazidi kilo 3,500, hayaruhusiwi kuzidi 80 popote, hata barabara iwe tupu na imenyooka. Gari dogo binafsi likiwa nje ya makazi linafuata vibao. Pasipo kibao hujapewa ruhusa ya kufanya utakavyo, maana uendeshaji wa hatari ni kosa linalojitegemea, na hilo hukufikisha mahakamani.

Wengi wananaswa mwisho wa kijiji. Nyumba zimeisha, mbele kuna mkonge au mashamba, mguu unakandamiza mafuta, kumbe kibao cha mwisho wa 50 kiko mita 200 mbele. Kisheria bado uko ndani ya 50.

Nilikuwa na 54 tu. Hiyo nayo ni kosa?

Ndiyo. Kwetu hakuna nafasi ya kusamehewa iliyoandikwa kwenye sheria. Na faini ya 54 ni sawa na faini ya 94: shilingi 30,000. Kwa maoni yangu hili ni kasoro kubwa ya utaratibu wetu, na nitalirudia nikifika Kenya.

Tochi inapimaje? Naweza kuiamini?

Zipo za aina mbili. Moja hurusha mawimbi ya redio ambayo hugonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika kulingana na kasi ya gari. Nyingine hutumia mwanga wa leza: hupima umbali wa gari mara nyingi ndani ya sehemu ya sekunde na kukokotoa limesogea kiasi gani. Ya leza inaweza kuchagua gari moja katikati ya mengi. Ya mawimbi ina upana zaidi, kwa hiyo magari mawili yakiwa yamekaribiana kunaweza kutokea ubishi wa haki kabisa kuhusu nani aliyepimwa.

Mara nyingi aliyeshika tochi si yule anayekusimamisha. Anapiga picha, inatumwa kwenye simu ya mwenzake aliye mbele, na huyo ndiye anayeinua mkono. Omba kuona picha. Angalia vitu vitatu: namba ya gari ni yako, kasi inasomeka, na mahali picha ilipopigwa ni ndani ya eneo la kibao. Ukiomba kwa heshima, wengi watakuonyesha bila shida. Kumfokea askari hakujawahi kumsaidia dereva hata mmoja ninayemfahamu.

Kuwashiana taa kwamba mbele kuna tochi kuna ubaya gani? Si tunasaidiana?

Najua huo ni utamaduni wa barabara zetu, na anayewasha taa ana nia njema kwa mwenzake. Lakini fikiria kinachotokea. Gari linashuka hadi 50 kwa kilomita moja, likishampita askari linarudi 110. Aliyesaidiwa ni mfuko wa dereva. Bibi anayevuka kwenda kisimani kijiji kinachofuata hajasaidiwa chochote. Na hujui ni nani umemwokoa na tochi: anaweza kuwa mwizi wa gari au dereva aliyelewa.

Tukizungumza ukweli, 50 si inapoteza muda bure?

Tupige hesabu, maana hapa ndipo ubishi wote unapoanzia.

Eneo la kibao lenye urefu wa kilomita moja, ukilipita kwa 50 unatumia sekunde 72. Ukilipita kwa 80 unatumia sekunde 45. Umeokoa sekunde 27. Ukivunja vibao kumi kati ya Chalinze na Tanga, umeokoa dakika nne na nusu, muda wa abiria kununua machungwa Muheza.

Sasa tuangalie upande wa pili. Gari lenye breki nzima, lami kavu, dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga: kwa 50 litasimama baada ya kama mita 35. Kwa 80 litahitaji karibu mita 70. Kwa 100 inakaribia mita 100, urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Hiyo ni kwa gari dogo. Basi lililojaa, au semi lenye shehena ya saruji linaloshuka, linahitaji zaidi, na mvua ikinyesha ongeza tena.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye vifo hupanda kwa asilimia 4. Na mtembea kwa miguu anayegongwa kwa 65 ana hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa kwa 50. Tofauti ni kilomita 15 tu kwa saa, ambazo dereva aliye ndani ya gari lenye viyoyozi hazihisi hata kidogo.

Mkoa wetu umeshalipia somo hili. Usiku wa Februari 3, 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, lori liligongana na Coaster iliyobeba waombolezaji na mwili wa marehemu wakielekea kuzika Kilimanjaro. Watu wasiopungua 17 walifariki. Watu waliondoka Dar es Salaam kwenda kuzika ndugu yao, nao wakazikwa. Ninapofundisha habari ya mwendo na kulipita gari la mbele usiku, siwezi kuifundisha bila kuitaja ajali ile.

Kwenye basi, konda anasema "tunafuatiliwa na LATRA". Ni kweli?

Kweli. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa kinachotuma taarifa za mwendo na mahali basi lilipo kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ndiyo LATRA yenyewe. Basi likizidi 80 inaonekana hata kama hakuna askari barabarani. Huu ndio usimamizi usiojali mkoa: Handeni, Bagamoyo au Singida, kifaa ni kilekile. Kimepata umuhimu zaidi tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri saa 24. Abiria nawe una sauti. Ukiona dereva anakimbiza, mwambie konda, kisha piga simu. Usiogope kuambiwa "ungepanda ndege".

Kosa la kifaa hiki ni kwamba kinakamata 80 vizuri kuliko kinavyokamata 50. Basi linaweza kupita katikati ya Kabuku na 75 na likaonekana halijavunja kiwango chake.

Sijakubali kosa. Nalazimika kulipa papo hapo?

Hulazimiki. Faini ya papo kwa papo ni kwa anayekiri. Asiyekiri ana haki ya kupelekwa mahakamani, upande wa mashtaka ukathibitishe. Watu hawaitumii haki hii kwa sababu ya muda: ni nani atakayetoka Chumbageni kwenda kusimama mahakamani Handeni kwa ajili ya 30,000? Ila kama kibao kilikuwa kimeng'olewa au kimefunikwa na majani, piga picha palepale, ikiwezekana kutoka kwenye kiti cha dereva ili ionekane kwamba hakionekani ukiwa barabarani. Picha ya namna hiyo mara nyingi humaliza ubishi kabla ya mahakama.

Askari anasema tuyamalize. Nifanye nini?

Mwambie akuandikie. Malipo halali hayapitii mkononi kwa askari: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, benki au wakala, na unabaki na kumbukumbu. Elfu tano ya mkononi inaonekana nafuu mbele ya thelathini, lakini inamfanya askari yule asimame pale kesho kwa ajili ya kitu kingine, si kwa ajili ya usalama. Akishikilia leseni yako ili umpe kitu, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113, bila malipo.

Navuka Horohoro kwenda Mombasa. Sheria zao zikoje?

Mnaendesha upande uleule wa kushoto, Kiswahili ni kilekile, lakini ukishapita Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, hesabu ya faini inabadilika kabisa. Mwendo wa mijini ni 50 kama kwetu, matatu na mabasi ni 80. Gari dogo linaruhusiwa 100 kwenye barabara kuu ya kawaida na 110 kwenye barabara iliyotenganishwa katikati.

Kanuni zao za makosa madogo za mwaka 2016 zinapima umezidi kwa kiasi gani. Ukizidi kilomita 1 hadi 5, onyo. Kilomita 6 hadi 10, shilingi 500 za Kenya. Kilomita 11 hadi 15, shilingi 3,000. Kilomita 16 hadi 20, shilingi 10,000, na hiyo ndiyo "laki mbili" inayozungumzwa stendi, kwa kubadilisha kwa takriban 20. Ukizidi zaidi ya 20, ni mahakamani.

Kwa hiyo dereva wa Tanga aliye na 68 kwenye kibao cha 50, hapa analipa 30,000 za Kitanzania, Ukunda analipa mara sita au saba yake. Na aliye na 54, hapa analipa, kule anaonywa. Mimi naona utaratibu wa kupanda ngazi una haki zaidi. Aliyeteleza kidogo si sawa na aliyekimbiza gari katikati ya watu, na mfuko wake usiumie sawa.

Jambo jingine: Kenya ililazimisha vidhibiti mwendo kwenye matatu wakati wa Waziri John Michuki. Kanuni zilitolewa mwaka 2003 na kuanza kutumika Februari 2004.

Na nikipeleka mzigo Rwanda?

Jiandae kwenda polepole. Tangu mwaka 2015 magari ya abiria na ya mizigo ya kule yanatakiwa kuwa na kidhibiti kisichozidi 60. Barabarani kuna kamera nyingi, wenyewe wanaziita Sofia, na ujumbe wa faini unafika kwenye simu. Pia Rwanda wanaendesha kulia, jambo ambalo ni gumu zaidi kulizoea kuliko hizo kamera.

Pemba na Unguja ni sheria hii hii?

Hapana. Usafiri wa barabarani si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake. Ukivusha gari kutoka bandari ya Tanga kwenda Pemba, uliza taratibu za kule kabla hujapanda meli.

Ndugu yangu yuko Dubai. Anasema ukizidi kwa 20 hawakuulizi. Anadanganya?

Hadanganyi, ila asiende Abu Dhabi na imani hiyo. Dubai kamera zinaacha nafasi ya kilomita 20 juu ya kibao: kibao kikiandika 100, kamera inawaka baada ya 120. Abu Dhabi walikuwa na nafasi kama hiyo, wakaiondoa Agosti 2018 na kupandisha namba za vibao, hivyo kilichoandikwa ndicho hichohicho. Ni nchi moja, Falme za Kiarabu, sheria ya shirikisho ni moja, na katikati ya miji hiyo miwili ni mwendo wa kama saa moja na nusu. Huo ndio mfano bora ninaoufahamu wa faini kutegemea umesimama upande gani wa mpaka wa ndani.

Viwango vyenyewe ni vya ngazi. Kuzidi hadi kilomita 20 ni dirhamu 300, hadi 30 ni 600, hadi 40 ni 700, hadi 50 ni 1,000. Kuanzia hapo gari linashikiliwa na leseni inaingia alama nyeusi. Ukizidi zaidi ya 80 ni dirhamu 3,000, alama 23 na gari siku 60. Alama 24 zinakunyima leseni, kwa hiyo kosa moja la namna hiyo linakuacha ukingoni.

Uingereza je?

Kiwango cha chini ni pauni 100 na alama 3 kwenye leseni. Alama 12 ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida unafungiwa kuendesha. Aliyezidi kidogo mara nyingi hupewa nafasi ya kusoma kozi badala ya alama. Wakubwa wa polisi wana mwongozo wa kuacha asilimia 10 na maili 2 kabla ya kuchukua hatua, lakini ni mwongozo, si haki yako. Ukifika mahakamani, faini inapimwa kwa kipato cha wiki.

Kuna nchi ambayo tajiri anatozwa zaidi?

Ipo, Ufini. Faini za makosa makubwa ya mwendo zinakokotolewa kwa kipato cha mtu. Mwaka 2023 mfanyabiashara Anders Wiklöf alipimwa na 82 kwenye eneo la 50 kisiwani Åland, akatozwa euro 121,000 na leseni ikasimamishwa kwa siku kumi. Kasi ileile, 82 kwenye 50, ndiyo ambayo watu wanaandikiwa kila siku kwenye barabara ya Segera. Kwa dereva wa bajaji wa Makorora 10,000 inaweza kuwa chakula cha siku nzima cha nyumba yake. Kwa mwenye gari jipya la mamilioni, 30,000 haimfanyi hata apunguze mwendo kijiji kinachofuata. Sidhani tuko tayari kupima vipato vya watu barabarani, lakini kupima kasi tunaweza leo, kwa sababu tochi tayari inaiandika.

Dashibodi yangu ilisoma 50, tochi ikasema 56. Inawezekana?

Kwa gari ambalo halijaguswa, ni nadra. Watengenezaji huweka mshale usome juu kidogo ya kasi halisi, usisome chini. Lakini ukibadilisha matairi ukaweka makubwa kuliko ya kiwandani, kama wanavyofanya wenye Noah za njia ya Pangani ili zisiguse chini, gari linakwenda zaidi ya linavyosoma. Jipime kwa programu ya simu inayotumia GPS, kwenye barabara iliyonyooka.

Nimesahau kulipa. Itakuwaje?

Deni linaongezeka, na linabaki kwenye mfumo likiwa limefungwa na namba ya gari. Askari yeyote, mkoa wowote, akiingiza namba yako analiona, na anaweza kukuzuia hadi ulipe. Angalia mwenyewe kwenye tovuti ya polisi, tms.tpf.go.tz, kwa namba ya gari au ya leseni.

Fanya hivyo pia kabla ya kununua gari lililotumika. Mnunuzi anaweza kukabidhiwa funguo akakuta gari lina madeni ya tochi kuanzia Mkuranga hadi Mombo, na aliyeyafanya ameshazima simu. Ingiza namba ukiwa na muuzaji, alipe mbele yako, subiri mfumo usome kwamba hakuna deni, ndipo msaini mkataba.